Arkan: jambazi aliyekingiwa kifua na dola

Kila muhula, tukifika kwenye somo la magenge ya uhalifu ya Balkani, wanafunzi wangu hutaka kuanzia kwenye risasi zilizomuua Arkan hotelini Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia wakati huo. Mimi huwarudisha nyuma hadi mwaka 1983.

Željko Ražnatović, maarufu kama Arkan, alizaliwa 1952 huko Brežice, Slovenia, mtoto wa kanali wa jeshi la anga la Yugoslavia. Miaka ya 1970 alipora mabenki Ulaya Magharibi kwa pasipoti bandia. Mwaka 1979 alitoroka gereza la Verviers, Ubelgiji. Mwaka 1981 akatoroka jingine Amsterdam. Kisha, mwaka huo wa 1983, askari polisi walimfuata nyumbani Belgrade, akawajeruhi kwa risasi. Hazikupita siku nyingi akawa huru. Anayempiga polisi risasi na kuachiwa ana mkubwa nyuma yake. Idara ya usalama wa taifa, UDBA, ilikuwa na desturi ya kuwatumia wahalifu kuwaua wapinzani wa serikali waliokimbilia ughaibuni, na Arkan alikuwa mtu wao.

Ukilielewa hilo, yaliyofuata hayashangazi. Alikuwa kiongozi wa Delije, mashabiki wa klabu ya soka ya Red Star Belgrade, na Oktoba 1990 akachukua vijana wa majukwaani akawafanya wapiganaji: kikosi kilichoitwa Tigers, yaani Chui Milia. Siku za kwanza za Aprili 1992, vita vya Bosnia vilipokuwa vinaanza, waliingia mji wa Bijeljina huko. Mpiga picha Ron Haviv alikuwa nao. Katika picha yake moja, askari wa Arkan ameinua mguu kumpiga teke mwanamke aliyelala chini kando ya miili mingine. Mkononi ameshika sigara. Ni sigara ile inayoniumiza zaidi. Kijana yule hakuwa na haraka wala hofu. Alijua hakuna wa kumuuliza.

Vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Yugoslavia vya Mei 1992 viliifanya biashara ya magendo, hasa mafuta, kuwa mgodi wa dhahabu kwa Arkan. Mwaka 1995 alimwoa mwimbaji Ceca, harusi ikaonyeshwa kwenye televisheni. Akachukua klabu ndogo ya soka ya Obilić, nayo mwaka 1998 ikawa bingwa wa Yugoslavia.

Jumamosi ya tarehe 15 Januari 2000, akiwa ameketi kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya InterContinental, alipigwa risasi kichwani. Watu wawili aliokuwa nao waliuawa pia. Aliyefyatua alikuwa askari polisi kijana, Dobrosav Gavrić. Alihukumiwa, akakimbia, akaishi Afrika Kusini kwa jina jingine. Alijulikana mwaka 2011, baada ya kujeruhiwa Cape Town akimwendesha kigogo wa uhalifu Cyril Beeka, ambaye aliuawa papo hapo. Aliyeagiza Arkan auawe hajawahi kutiwa hatiani.

Kwangu mimi, hasara kubwa iko The Hague, Uholanzi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa kivita iliyokuwa huko ilimfungulia mashtaka kwa siri Septemba 1997 na kuyatangaza Machi 1999, lakini serikali ya Belgrade haikumkabidhi. Alipokufa, kesi ikafutwa. Mashtaka yale yalihusu mauaji ya Sanski Most, Bosnia, ya Septemba 1995, na ndugu wa waliouawa hawakupata siku hata moja ya kumwona kizimbani.