Kupima mifupa kwenye picha iliyokwisha kupigwa

Mama wa makamo wa Ngamiani ameumwa ubavu siku kadhaa. Anapelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, anapigwa CT-Scan ya tumbo (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) kutafuta mawe ya figo. Mawe yanaonekana, ripoti inaandikwa, anarudi nyumbani. Kumbe kwenye picha hiyohiyo uti wake wa mgongo umetoka wazi, pingili kwa pingili, na pengine hakuna aliyeuangalia. Kuutumia kukadiria hatari ya mtu kuvunjika mifupa ndiko kunakoitwa uchunguzi nyemelezi wa osteoporosisi. Hauhitaji mashine nyingine wala mionzi zaidi.

Osteoporosisi ni mifupa kupungua uzito na uimara hadi mtu akiteleza tu bafuni nyonga inavunjika. Haiumi mpaka ivunje. Kipimo chake rasmi ni DEXA, eksirei maalumu ya kupima uzito wa mifupa, na mashine zake kwetu ni adimu, kwa hiyo picha zilizopo tayari zina thamani kubwa.

CT huipa kila sehemu ya mwili namba ya Hounsfield, kwa jina la Mwingereza Godfrey Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa uko juu. Daktari wa radiolojia huchora kiduara ndani ya pingili ya kwanza ya kiuno, mahali penye vitundu kama sifongo, akikwepa ganda gumu la nje. Kompyuta humpa wastani. Ukishuka chini ya 100 hivi, shaka ni kubwa. Ukizidi 160, mara nyingi mfupa ni mzima. Katikati hapo huulizwa mengine: umri, mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi. Dawa ya kung'arisha picha ikichomwa hupandisha namba, nayo lazima ihesabiwe.

Kwangu kubwa kuliko namba ni pingili iliyobonyea. Bibi akifupika na kuota kibiongo tunasema uzee, kumbe mara nyingi pingili zimevunjika bila yeye kujua. Hata eksirei ya kifua iliyopigwa kwa ubavu yaweza kuzionyesha. Na aliyevunjika moja yuko karibu zaidi kuvunjika nyingine, kwa hiyo huyo asisubiri: kuna dawa za kumkinga.

Usiombe CT kwa ajili ya mifupa tu, mionzi yake si kidogo. Ila kama ulishapigwa, muulize daktari: "Dokta, na mifupa je?" Hata picha ya mwaka jana, ikiwa imehifadhiwa kwenye CD, inapimika.