Neno "nzuri" halitoshi kupima mwonekano wa programu

Ninapotathmini mwonekano wa programu mbele ya watumiaji wa Kiswahili, swali ninaloliepuka kuliko yote ni "Je, programu hii ni nzuri?" Neno hilo katika lugha yetu hubeba kupendeza machoni na kufaa kwa kazi kwa pamoja, hivyo anayejibu "nzuri sana" huenda anasifu rangi, na huenda anashukuru tu kwamba muamala wake umekamilika.

Mkanganyiko huo haukuanzia kwetu. Mwaka 1995 watafiti wa Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya skrini ya mashine ya kutolea fedha, wakaona kwamba mipangilio iliyopendeza ndiyo iliyodhaniwa kuwa rahisi kutumia, ilhali watu hao walikuwa wameitazama tu. Noam Tractinsky aliurudia utafiti huo nchini Israeli akitarajia uhusiano huo ungefifia huko, lakini aliukuta una nguvu zaidi.

Kwa sababu hiyo mimi hutenganisha maswali. Hojaji ninayoitegemea ni VisAWI, ya kupima uzuri wa mwonekano wa tovuti, iliyochapishwa mwaka 2010 na Morten Moshagen na Meinald Thielsch wa Ujerumani. Ina kauli 18 zinazogusa usahili wa mpangilio, anuwai, rangi na ufundi. Kuieleza kwa Kiswahili kumenifundisha mengi. Kipengele cha ufundi hakihitaji maelezo marefu, kwani kila mtu anajua tofauti kati ya kazi ya fundi aliyetulia na kazi iliyolipuliwa. Anuwai ndiyo hunisumbua: ukisema "vitu vingi tofauti", msikilizaji anafikiria mrundikano, ilhali kinachoulizwa ni ubunifu unaozuia skrini isichoshe. Siku hizi nauliza kama mwonekano "umechangamka" au "umepooza", na majibu yamekuwa na maana zaidi.

Wakati wa kuuliza nao una uzito wake. Gitte Lindgaard na wenzake nchini Kanada walionyesha mwaka 2006 kwamba milisekunde 50 zinatosha mtu kuamua kama ukurasa unamvutia, na ndiyo maana nachukua alama za kwanza kabla mtu hajagusa kitufe chochote. Kisha nampa kazi halisi, na baada ya hapo namuuliza upya maswali yale yale. Utafiti wa Alexandre Tuch na wenzake wa mwaka 2012, uliofanywa kwa duka la mtandaoni, ulikuta kwamba waliosumbuliwa na duka gumu kutumia walilishushia hata alama za uzuri.

Zipo pia fomyula za kompyuta zinazokokotoa uzuri wa mpangilio wa skrini bila kumuuliza mtu. Watafiti Ngo, Teo na Byrne walipendekeza vipimo 14 mwaka 2003, vikiwemo mizania, ulinganifu na msongamano. Navitumia kulinganisha matoleo mawili ya skrini moja, si zaidi ya hapo, kwa sababu skrini tupu yenye kitufe kimoja katikati itapata alama nzuri za ulinganifu bila kumvutia mtu yeyote.

Kwa hiyo ripoti yangu huwa na safu mbili za alama, ya kabla ya matumizi na ya baada yake. Safu ya pili ikiwa imeshuka sana, namwomba msanifu asiguse rangi kwanza, bali tutazame pamoja rekodi ya skrini mpaka tupate mahali watumiaji walipokwama.