Ubingwa wa dunia wa snuka ulishawahi kuvuka bahari

Kila Aprili, kwenye kumbi za pool hapa Nairobi, hoja ni ile ile: ubingwa wa dunia wa snuka, mchezo wa mipira na fimbo mezani unaofanana na pool, haujawahi kutoka Uingereza, kwa hiyo kuupeleka nchi nyingine ni kuvunja mila ya tangu mwanzo. Si kweli.

Mashindano hayo yalianza 1927, Joe Davis akawa bingwa wa kwanza. Ukumbi wa Crucible, mjini Sheffield, Uingereza, uliyapokea 1977, nusu karne baadaye. Miaka miwili tu kabla ya hapo, fainali ilichezwa Melbourne, Australia. Ray Reardon wa Wales alimshinda Eddie Charlton, mwenyeji, kwa fremu 31 kwa 30 (fremu ni mchezo mmoja kati ya ile inayounda mechi). Hebu fikiria: mamia ya mipira kutumbukizwa, na ubingwa unaamuliwa na fremu moja! Hata mchezo wenyewe haukuzaliwa Uingereza. Ulibuniwa India mwaka wa 1875, na maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa huko.

Ninaipenda Crucible. Viti havifiki elfu moja, na mtazamaji yu karibu kabisa na meza. Ila udogo huo huo ndio unaowafungia wengi nje, na tangu Zhao Xintong wa China atwae taji 2025, mashabiki wa Asia wana kila haki ya kuuliza zamu yao. Anayetaka ubingwa ubaki Sheffield atetee ukumbi na utulivu wake. Asitetee historia ambayo haikuwapo.