Msiba mmeuona wapi? Kuhusu vivuli vya Skandinavia

Mwonyeshe mtu mchoro wowote wa chumba cha kijijini cha Denmark au Norway ya karne ya 19, hazipiti dakika mbili atakwambia: "Nchi za giza hizo, ndiyo maana wamejaa majonzi." Nimeyasikia darasani, nimeyasikia kwenye maonyesho, na juzi kayarudia mchoraji mwenzangu, mtu aliyezeeka na brashi mkononi. Imetosha.

Kwanza tumweke pembeni Hammershøi, yule mchoraji wa Denmark. Ule ujivujivu wake mnaopenda kutumiana ni wa nyumba ya mjini, Strandgade 30, Copenhagen. Hakuna mvuvi wala mkulima pale.

Mkitaka kijiji, twendeni Skagen, ncha ya kaskazini ya Denmark, kwa mchoraji Anna Ancher. Yeye ni mzaliwa wa hapo hapo. Wazazi wake ndio waliokuwa wenye hoteli ya Brøndum. Mwaka 1891 alimchora binti yake Helga akifuma, ametupa mgongo, kwenye chumba chenye kuta za buluu. Jua la dirishani limetua ukutani vipande vipande. Basi vitazameni vivuli vyake, halafu mniambie huo msiba uko wapi.

Hapa ndipo ninapoishiwa subira. Kivuli si shimo. Pale jua lisipofika, anga linafika, na anga lina buluu yake; ukuta, sakafu na pazia navyo vinapeana rangi. Wanafunzi wangu wakifika kwenye kivuli huchukua ile ile rangi ya mwangani, wakatia nyeusi, wakakoroga. Kinachotoka ni tope. Ancher hakufanya hivyo. Hata kipande chake cha jua si buluu iliyoongezwa nyeupe: amehama kabisa kutoka rangi ya baridi kwenda rangi ya joto, na ni huko kuhama kunakoufanya ukuta uliobaki uonekane wa buluu zaidi. Kitieni chumba kile nyeusi muone kama jua litabaki.

Halafu kuna pembe. Jua la adhuhuri Dar es Salaam, hata Juni linapokuwa chini kuliko miezi yote, liko kama digrii 60 kutoka upeo wa macho. La Skagen, hata katikati ya kiangazi, halifiki 56. Desemba linachungulia kwenye 9 hivi. Jua la juu likiingia dirishani huishia sakafuni, hatua moja tu kutoka dirishani, kama paa na baraza vimeliruhusu kuingia. Jua la chini huvuka chumba kizima na kuupanda ukuta wa pili. Mtaniambia na kwetu saa moja asubuhi linapita mlalo. Kweli, ila linapanda upesi. Kule hukaa chini saa nyingi, mchoraji akapata muda wa kulitazama. Kwa hiyo mnachokiita giza mara nyingi ni jua linalopita mlalo.

Ingawa nina shaka zangu. Nikianza kupima pembe juu ya mchoro, nahisi najidanganya. Mchoraji anaweza kukisogeza kipande cha jua kwa sababu tu ukuta ulikuwa mtupu, na tunaoandika mambo haya tunamfanya Ancher kama kamera.

Na Carl Larsson, mchoraji wa Sweden, na nyumba yake ya kijijini Sundborn? Rangi za maji, mistari mingi, vivuli vyepesi. Tupite.

Mkitaka usiku wa kweli, mtazameni Harriet Backer, Mnorwe, na mchoro wake wa 1890: mwanamke mezani, kitabu, taa ya mafuta. Chanzo cha mwanga ni kimoja, tena kiko karibu naye, ndiyo maana kivuli kilichoko ukutani ni kikubwa kuliko mwenyewe. Aliyesoma kwa kibatari hahitaji kuelezwa. Na rangi pale ni ya moto wa utambi, si ya matanga. Mama wa watu anasoma kitabu chake.