Ushirikiano wa dunia sio misaada, jamani tuelewane

Kazi yangu ni kuzunguka na kamati za maji na mazingira vijijini, hapa Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa mpaka Mpwapwa, na kuna kauli naikuta kila kikao mpaka imenichosha: "hayo maendeleo endelevu ni ya wafadhili, wakileta hela tutafanya". Anasema mzee, anasema kijana aliyemaliza chuo, na kinachoniuma zaidi anasema na diwani. Leo naandika nimekereka, mnivumilie.

DHANA: Ushirikiano wa kimataifa maana yake ni kupewa hela

Sio kweli, na tuanzie hapa hapa nyumbani. Bwawa la Mtera linategemea sana mto Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unatoka huko bonde la Usangu, Mbarali. Maji hayo yanazungusha mitambo ya umeme ya Mtera megawati 80, yakitoka hapo yanaenda Kidatu megawati 204. Sasa kuanzia 1993 mto huu ukaanza kukauka kabisa kiangazi ukiwa ndani ya hifadhi ya Ruaha, na sababu kubwa ni maji kuchepushwa juu kwenda kwenye mashamba ya mpunga, mifereji inaachwa wazi hata msimu ambao hakuna cha kumwagilia. Mvuvi wa Mtera umpe hata milioni mia hawezi kulimaliza hilo peke yake, na mkulima wa Mbarali naye sio adui, anatafuta riziki. Kinachotakiwa hapo ni makubaliano ya nani anachukua maji kiasi gani na lini, na kiongozi mwenye ubavu wa kufunga mfereji wa mtu mkubwa kama anavyofunga wa mtu mdogo. Huo ndo ushirikiano, na dunia ni hivyo hivyo, mto mmoja ila mrefu zaidi.

Mnataka mfano wa dunia? Mwaka 1987 kule Montreal nchi zilikubaliana kuachana na zile gesi za kwenye mafriji na makopo ya kupulizia zilizokuwa zinaharibu tabaka la ozoni, lile la juu angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Gesi ziliwekewa tarehe za mwisho, nchi zinazoendelea zikapewa miaka 10 ya nyongeza, baadae ukaundwa mfuko wa kuzisaidia zibadilishe viwanda, na ambaye hakusaini akawekewa vikwazo vya kufanya biashara ya gesi hizo na waliosaini. Leo nchi zote zimo na ozoni inapona. Ndio, hela ilikuwepo, lakini kama zisingekuwepo tarehe na vikwazo hiyo hela ingeliwa tu kwenye semina.

Na hata hela yenyewe sio sadaka! Nchi tajiri ziliahidi Copenhagen mwaka 2009 kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kusaidia nchi zinazoendelea kwenye mabadiliko ya tabianchi, kiwango hicho kikaja kufikiwa 2022. Ahadi ya kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kwa maendeleo ya nchi maskini ipo tangu 1970 na wanaoitimiza unawahesabu kwa vidole. Hilo ni deni, na deni linadaiwa na mtu mwenye mahesabu yake mkononi. Ndo maana nakereka nikifika kijiji pampu imesimama, naomba daftari, naletewa kaunta buku, kurasa tatu za mwanzo safi kabisa, tarehe, ndoo, shilingi, sahihi, ukifunua ya nne nyeupe mpaka mwisho, na wakati huo wote kina mama wamelipa shilingi 50 kila ndoo. Hapo hela ya spea ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kusimamia na watu wa kumuuliza.

DHANA: Malengo 17 ya maendeleo endelevu ni ya nchi maskini

Yale 8 ya Milenia yaliyoisha 2015 kweli yalituangalia zaidi sisi. Haya 17 yaliyopitishwa Umoja wa Mataifa Septemba 2015 ili yafikiwe 2030 yanahusu kila nchi, Ujerumani ilienda huko kuelezea imefikia wapi 2016, sisi Tanzania tukaenda 2019 na 2023. Ubovu wake ni kwamba kuripoti ni hiari, ukishindwa hakuna wa kukubana, na mi naona bila viongozi wa kukubali kubanwa kama ilivyokuwa kwenye ozoni tutafika 2030 tunasomeana taarifa tu.

DHANA: Uongozi ni wa huko juu

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu kisheria. Nendeni, ulizeni mapato na matumizi, pitisheni sheria ndogo. Basi.

DHANA: Maendeleo endelevu ni kupanda miti

Kila mwaka miche inapandwa kwa mbwembwe na picha, kiangazi kikifika mbuzi wamemaliza. Mi siku zote nasema kisiki hai kwanza, yani kile kisiki cha mti uliokatwa ambacho mizizi yake bado inaishi chini. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unakata, unapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue mti huu una mwenyewe, alafu mnakubaliana na wafugaji. Niger wameanza kufanya hivi toka miaka ya 1980 na wamerudisha miti kwenye hekta zaidi ya milioni 5, sisi tukajifunza kutoka kwa wenzetu, na kwa mkulima vifaa ni panga na kipande cha nguo. Kwa hiyo mwaka huu mkianza kusafisha mashamba kabla ya mvua za Desemba, msing'oe visiki wala msivichome, pitieni kwanza muone kipi kinachipua.