Lebo za nguo za Kijerumani: maneno yanayowaponza watafsiri

Programu za kutafsiri huboronga zaidi kwenye ile lebo ndogo ya ndani. Chukua "Futter". Neno hilo ni chakula cha mifugo na pia ni bitana, kwa hiyo "Futter: 100 % Polyester" ni habari ya bitana. Kitambaa cha nje huandikwa "Obermaterial".

Halafu kuna "auf links waschen". "Links" ni kushoto, lakini kushoto hakuhusiki. Kwa Wajerumani, upande wa kulia wa kitambaa ndio uso wake na wa kushoto ni mgongo, basi unaambiwa ugeuze nguo ndani nje kabla ya kufua. Mafundi hukutana na jambo hilohilo kwenye patani: "rechts auf rechts" ni kulaza vipande viwili uso kwa uso, ndipo ushone. Ukikosea, mshono unatokeza nje.

Maneno marefu yasome kuanzia mwisho. Kipande cha mwisho ndicho nguo yenyewe, na ndicho kinachoamua jinsia ya neno kisarufi: Regenmantel ni koti la mvua, nalo ni "der" (jinsia ya kiume) kwa sababu Mantel, yaani koti, ni "der". Baumwolle ndiyo inayokorofisha. Wolle ni sufu, lakini Baumwolle ni pamba. Mwambie mteja kinyume chake, afue sweta la sufu kwa nyuzi 60, uone litakavyorudi.

Jihadhari na maneno yanayofanana na ya kwetu. Weste ni kizibao. Vesti ya ndani ni Unterhemd. Slip ni chupi, wala si shimizi kama "slip" ya Kiingereza.

Kwenye vitenzi, "vaa" yetu inabeba mengi: shati, kofia, miwani, tai. Mjerumani anagawa. Shati na viatu ni anziehen, kofia na miwani ni aufsetzen, tai ni umbinden. "Amevaa koti" kwa maana kwamba analo mwilini sasa hivi ni tragen: "Er trägt einen Mantel".

Saizi usizitafsiri, zipigie hesabu. Koti la kiume ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita: kifua 100, saizi 50. La kike ni nusu kutoa 6: kifua 88, saizi 38. Na ukikuta 25 kwenye koti la suti la mtumba, usilitupe upande wa watoto. Hiyo ni 50 ya mwanamume mfupi. 98 ni 50 ya mrefu mwembamba.