Intaneti ya Shule Inapokwama: Pimeni Kwanza, Lipieni Baadaye

Tangu Gredi ya 10 ianze Januari 2026, barua zinazofika kwenye meza yetu ya usaidizi hapa Kisumu zimeongezeka, na nyingi zina ombi lile lile: mtandao wa shule uko chini, tafadhali tusaidieni tuongezewe kasi. Zinatoka Seme, Nyakach na Muhoroni, nyingine zinavuka mpaka wa kaunti kutoka Vihiga na Kakamega. Tunazisoma zote. Tunajua zimeandikwa na walimu waliochoka, wenye wanafunzi hamsini wanaosubiri ukurasa mmoja ufunguke. Lakini barua ya namna hiyo haitupi pa kuanzia. Ni mtandao wa waya au wa wifi? Hukwama saa ngapi? Ni kompyuta zote au zile tatu za karibu na dirisha? Mnalipia kasi gani, na mnaipata kiasi gani?

Niseme wazi, maana fedha zinazotumika ni za wazazi na za umma: katika shule nyingi tunazofika, tatizo haliko kwa mtoa huduma. Liko kati ya ruta na maabara. Kupandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 30 kwa sekunde hakutengenezi kebo iliyobanwa na mlango.

Kuna dhana moja ambayo ingefaa iishe mwaka huu. Megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo mkataba wa megabiti 10, hata ukifika kamili, hushusha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Video ya megabaiti 45 ni megabiti 360, na kompyuta iliyo peke yake itaishusha kwa sekunde 36. Kompyuta 40 zikiiomba kwa mkupuo mmoja, kila moja inabaki na robo ya megabiti, na video ile ile inachukua dakika 24. Hapo hakuna kilichoharibika na hakuna aliyewapunja. Ni hesabu ya kugawanya. Mwalimu aishushe video mara moja jioni, aiweke kwenye seva ya shule, yaani kompyuta inayohifadhi masomo, na asubuhi wanafunzi waifungulie humo humo ndani. Shule za sekondari zilizounganishwa kupitia Mfuko wa Huduma kwa Wote wa Mamlaka ya Mawasiliano zilipewa megabiti 5 za kushusha na 1 ya kupandisha. Kwa kiwango hicho, seva ya ndani si anasa.

Sasa vipimo vyenyewe. Keti kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Wifi iache kwanza. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, soma anwani ya kompyuta na ya lango kuu, yaani ruta. Ikiwa anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, simama hapo hapo. Ruta haijaipa kompyuta anwani, na hakuna kipimo cha kasi kitakachokufaa. Mara nyingi anwani zimekwisha: mtandao wa kawaida wa shule una nafasi 254, ruta nyingi hugawa chini ya hapo, na simu za walimu na wageni huzishika tangu asubuhi. Mara nyingine mtu ameleta ruta ya nyumbani, akaichomeka kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, ili apate wifi ofisini, nayo ikaanza kugawa anwani zake yenyewe. Tunaomba hili likome. Ruta ya pili isiyo na mpangilio huangusha maabara nzima, na aliyeileta huwa wa kwanza kulalamika.

Anwani ikiwa sawa, pima hatua tatu kwa mfuatano kwa ping, amri inayotuma paketi, yaani vipande vidogo vya data, na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Kwanza, ping lango kuu la shule. Kwa waya, jibu linapaswa kurudi ndani ya milisekunde moja au mbili, na katika paketi 100 isipotee hata moja. Pili, ping anwani ya nje, kwa mfano 8.8.8.8. Tatu, ping jina la tovuti badala ya namba. Hatua ya kwanza ikiyumba, tatizo ni lenu, ndani ya ua wa shule, na kumpigia mtoa huduma ni kupoteza muda wake na wenu. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili ikapoteza paketi, sasa mna hoja ya kumpelekea. Zote mbili zikiwa safi lakini jina likakataa, tazameni huduma ya majina, yaani DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, kwenye mipangilio ya ruta. Shule zenye dishi la setilaiti ya mbali zisishtuke zikiona nusu sekunde kwenda na kurudi: setilaiti hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mawimbi hayana njia ya mkato.

Kipimo kinachofuata ndicho walimu wengi hawajakijua, nami nakithamini kuliko tovuti zote za kupima kasi, kwa sababu kinapima kazi ya shule peke yake bila kumhusisha mtoa huduma. Programu yake ni iperf3, ni ya bure, na inatunzwa na ESnet, mtandao wa watafiti ulio katika Maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani. Kwenye seva andika iperf3 -s. Kwenye kompyuta ya maabara andika iperf3 -c ikifuatwa na anwani ya seva. Baada ya sekunde 10 jibu liko mbele yako. Rudia ukiongeza -R mwishoni ili upime upande wa pili. Kiungo kizima cha gigabiti hutoa takriban megabiti 940 kwa sekunde. Kiungo cha megabiti 100 hutoa takriban 94.

Hizo namba mbili zikae kichwani. Shule moja upande wa Nyando ilikuwa na seva iliyojaa masomo, swichi mpya ya gigabiti, na video zilizokuwa zikikatika kila darasa zima likizifungua. Kipimo kilisoma 94. Tukarudia, 94 tena. Kebo mbovu au swichi iliyolemewa huleta namba zinazopanda na kushuka. 94 inayosimama pale pale inasema vifaa viwili vimekubaliana kuzungumza kwa megabiti 100, na huwa vina sababu. Kebo ya mtandao ina jozi nne za nyaya. Megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili, gigabiti inazihitaji zote nne. Tukaifuata kebo kutoka kwenye seva, juu ya dari, hadi ilipoteremka ukutani kwenye swichi. Plagi ya RJ45 ilipoinuliwa kuelekea mwanga wa dirisha, nyaya sita zilionekana zimefika mwisho wa plastiki, na mbili, ile ya kahawia na mwenzake mwenye mistari, zimeishia milimita chache kabla, meno ya shaba yakiwa yameshuka juu ya nafasi tupu. Fundi alikata mwisho ule, akapanga nyaya upya, akabana plagi nyingine. Kipimo kikapanda hadi 938. Bodi ilikuwa tayari imeletewa pendekezo la kununua seva mpya.

Hitilafu nyingine inayotuita mbio ni mzunguko. Baada ya maabara kufagiliwa, mwanafunzi mwenye nia njema anaona ncha ya kebo imelala sakafuni, anaiokota na kuichomeka kwenye tundu lililo wazi. Ncha ya pili ya kebo hiyo iko kwenye swichi hiyo hiyo. Paketi za matangazo, yaani zile zinazotumwa kwa kila kifaa, zinaanza kuzunguka bila kikomo, taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja kwa kasi moja, na ndani ya sekunde chache hata ping ya lango kuu haijibu. Swichi za bei nafuu hazina kinga. Zile zenye itifaki ya kuzuia mizunguko, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, hulifunga tundu moja, yaani poti, na kazi ikaendelea. Kama yenu haina, chomoeni kebo moja moja hadi taa zitulie, kisha kila ncha ibandikwe karatasi yenye jina lake.

Kuhusu wifi nitakuwa mfupi. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 pekee. Tunakuta shule ina visambaza mawimbi sita, vyote kwenye chaneli ya 6, vimefungwa chini ya mabati, halafu kinanunuliwa cha saba. Punguzeni, sambazeni chaneli, na kompyuta za mezani zote ziunganishwe kwa waya.

Linalowaumiza walimu zaidi ni kupandisha. Msimu wa kuweka alama za tathmini za shuleni kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, unapowadia, kasi ya kupandisha ndiyo huisha kwanza, nayo huwa ndogo. Mtu mmoja akipandisha video za sherehe ya michezo wakati huo, foleni inajengeka ndani ya ruta na paketi ndogo za alama hukaa nyuma yake, kama bodaboda aliyenaswa nyuma ya trela za miwa kwenye barabara ya Muhoroni. Hili hupimika. Acha ping ya nje iendelee, kisha mwambie mwenzako apandishe faili kubwa. Muda ukiruka kutoka milisekunde 20 hadi mamia kadhaa, foleni ni ndefu mno. Ruta yenye usimamizi wa foleni aina ya fq_codel huitibu. Isiyo nayo, weka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kasi ya mkataba. Na ikiwa vipimo vyote ni safi ila tovuti moja tu ndiyo haifunguki siku ya mwisho ya kuwasilisha, tovuti hiyo ndiyo imelemewa. Msiguse ruta.

Ukanda huu wa ziwa unapigwa na radi sana, jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji. Kebo ya shaba iliyotandazwa nje kutoka jengo moja hadi jingine huleta radi ndani. Poti iliyopigwa si lazima ife. Inaweza kuendelea kuwasha taa huku ikiharibu paketi moja kati ya kila mamia. Kati ya majengo tumieni nyaya za nuru, yaani faiba. Na kebo yoyote mnayonunua, kwarueni waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa: inakatika haraka na upinzani wake wa umeme ni mkubwa. Kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaitambua, ina haki ya kuirudisha, mradi iikague kabla ya kutia saini. Saini ikishawekwa, mkono wetu haufiki huko.

Lazima pia nieleze mipaka ya kisheria, kwa sababu maswali yanakuja kila wiki. Kupima mtandao wa shule kwa ping au iperf3, kwa idhini ya mwalimu mkuu, hakuna kosa. Kunasa paketi ili kusoma mawasiliano ya watu wengine bila idhini ni jambo jingine. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Kuingia kwenye ruta au kompyuta bila idhini, hata kwa kubahatisha nywila, kunaangukia kifungu cha 14: faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wanafunzi wasomewe hili mwanzoni mwa muhula. Idhini ya mwalimu mkuu iwe ya maandishi, itaje jina la anayepima, vifaa vitakavyoguswa na tarehe. Tena, mnapotutumia picha za skrini, futeni majina na namba za wanafunzi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data haiulizi kama nia ilikuwa nzuri.

Fundi anayewatandazia mtandao awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, nanyi mbaki na nakala yake. Vifaa vinavyorusha mawimbi viwe vimeidhinishwa na Mamlaka hiyo hiyo.

Vipimo vikionyesha kwamba kasoro iko nje, anzeni kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na mdai namba ya malalamiko. Ambatanisheni kasi iliyo kwenye mkataba, na kipimo cha kompyuta moja iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ruta huku vifaa vingine vyote vikiwa vimechomolewa, kikichukuliwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku tano za masomo. Kipimo kimoja cha saa nne asubuhi maabara ikiwa imejaa hakithibitishi lolote. Msiporidhika na jibu, Kanuni za Ulinzi wa Watumiaji za 2010, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, zinawaruhusu kulipeleka suala kwa Mamlaka. Itataka kuona kwamba mlianza kwa mtoa huduma, kwa hivyo msiruke hatua.

Shule isiyo na kifaa cha kupimia kebo inaweza kuazima kimoja kutoka ofisi yetu. Lete barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri, kitambulisho cha atakayekichukua, na matokeo ya ping zile tatu. Kifaa kinarudishwa baada ya siku tano za kazi kikiwa na betri zake, na vipande vyake vyote viwili viwe vimo ndani ya kifuko, maana kimoja bila kingine hakipimi chochote na shule inayofuata iko kwenye orodha ikingoja.